Kichaka cha Benadetha

Asubuhi ile mke wangu Benadetha alitangulia kuamka, kama siku zote. Alifagia njia ya chooni, akageuza majani kwenye ungo, akaja kuniambia chai imeiva. Nikanywa. Hatukusema kitu cha kukumbuka. Jioni alisema kifua kinambana, na kulipokucha hakuamka.

Majani hayo ni ya kichaka alichokipanda mwenyewe kando ya choo. Ni mapana kama kiganja, laini kama sikio la mwanambuzi. Kwa mama yangu, hapa Lundo, chooni tulijifuta kwa magunzi ya mahindi. Wavuvi walitumia mawe ya ufukweni, yale ambayo ziwa limeyalainisha. Benadetha alipoletwa kwetu kutoka Tingi aliona lile kapu la magunzi, akaniuliza, "Nyumba hii mnajisugua kama masufuria?" Mwezi haukuisha, akaenda kwao akarudi na kipande cha mti ndani ya kitenge. Tangu hapo tumechimba choo mara tatu, na kila mara tumekizunguka kichaka. Choo ndicho kilichohama.

Wiki iliyopita mwanangu Aidan alikuja kutoka Songea na boksi la karatasi za chooni. Akachukua panga.

"Baba, misa ya arobaini watakuja wafanyakazi wenzangu. Hiki kichaka kinatia aibu."

"Kinamtia nani?"

"Mimi, Baba."

Nikamkumbusha msiba. Mvua ilikata barabara, watu wakalala hapa siku tatu. Karatasi alizoleta siku zile ziliisha kabla jeneza halijaingia kanisani. Siku ya pili kichaka kilibaki vijiti, kama kuku aliyenyonyolewa.

"Na wewe ulichuma, au hukuchuma?"

Akatazama ziwani.

"Nilichuma."

"Basi weka panga."

Hakuliweka. Akasema, "Lakini Baba, mama hayupo. Wewe hata kuyachuma hujui."

Hapo alinipata, maana mwanzo ilikuwa kweli. Msiba ulipokwisha na watu kuondoka, nilisubiri kichaka kichipue. Siku ya kwanza kilipopata majani nikachuma, nikaingia chooni. Jani la kwanza likapasuka mkononi. La pili nalo likapasuka. Miaka yote nilikuta majani kwenye ungo, sikuuliza yamefikaje. Makaburini sikulia. Nililia chooni, nimechutama, mkono mchafu.

Nikajifunza. Jani la kuchuma na kutumia hapo hapo lina maji, halivumilii. Unachuma jioni, ya chini tu, kichwa cha mti hukigusi. Unatandaza kwenye ungo yanyauke kidogo, asubuhi unayageuza. Likilala siku moja linakuwa gumu kama ngozi na bado laini. Likilala siku tatu linavunjika. Yeye alifanya hivyo kila siku kwa miaka arobaini na mbili, akiwa mjamzito, akiwa na homa, na mimi nikidhani ni majani tu.

Nikamshika Aidan mkono, nikampeleka kwenye ungo. Nikampa jani moja.

"Pasua."

Akavuta. Halikupasuka. Akavuta tena.

"Nani kakufundisha, Baba?"

"Yaliyopasuka."

Akacheka kidogo. Panga akalirudisha ndani. Boksi lake nimeliweka chooni, upande wa kushoto. Ungo uko kulia. Mgeni atachagua mwenyewe, nami sitamwuliza. Ila kichaka hakikatwi nikiwa hai, na nikifa nizikwe mahali ambapo kaburi halitakisumbua.

Arobaini atakuja pia bwana afya, Iddy, kijana mwenye adabu, kwao pwani. Akiuliza kwa nini kichaka bado kipo, nitamrudishia jibu alilopewa mwaka jana. Alikuja kukagua vyoo na fomu yake, akamwambia Benadetha fomu ina nafasi mbili, maji au karatasi. Majani hayana nafasi.

Benadetha akamwuliza, "Wewe mwenyewe unatumia nini, mwanangu?"

"Maji, mama."

"Na hilo kopo lako umekuja nalo?"

Iddy akacheka, akasema hakuja nalo. Lakini kalamu alikuwa ameishika bado, na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kinu, nikasikia kila neno. Benadetha alimwambia hivi:

"Andika tu kwamba mama huyu kakataa. Halafu siku tumbo likikukamata huku kwetu, njia ya kwangu unaijua."