Pambio Tulilokataa Kuitikia

Wachungaji wawili wa vijana walikuja kwangu hapa Homa Bay mwezi uliopita, wamevaa suti kwenye jua la saa saba, wamebeba mkate na soda. Wanaandaa kijitabu cha mashauri kwa wanaoongoza ushirika wa Kikristo vyuoni, na waliambiwa kwamba mimi, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, niliongoza ushirika wa wasichana katika chuo cha ualimu upande wa Migori. "Mama, tupe hekima," akasema yule mnene. Nikaanza kuwapa. Nilianza na mlezi wetu, mzee ambaye wanataka kuweka picha yake kwenye ukurasa wa kwanza, nikasema alikuwa mtu aliyefundisha ujanja akauita kazi ya Roho. Sikufika mbali. Yule mwembamba alifumba macho akaanzisha pambio, mwenzake akaitikia, wakapiga makofi polepole kama wanaombembeleza mtoto alale. Nilinyamaza mpaka wakachoka wenyewe. Wakaomba, wakanywa soda waliyoniletea, wakaenda zao.

Kwa hiyo naandika mwenyewe yale ambayo hawakuniacha niyamalize. Anayetaka kuimba aimbe huko kwake.

Chuo chetu kilikuwa cha mabati na matofali mabichi, kwenye mwinuko mbali kidogo na mto. Wajaluo tulikuwa wengi, Wakuria wachache, na kwa kuwa mmoja hakujua lugha ya mwenzake, ushirika wa Ijumaa ulifanywa kwa Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha kuokoteza. Mlezi alikuja kwa pikipiki kutoka Homa Bay, vumbi mpaka kwenye nyusi, Biblia ameifunga kifuani kwa kamba ya katani. Wasichana walimpenda. Mimi pia nilimpenda mwanzoni, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Desturi ya ndugu waliookoka ilikuwa hivi. Mtu aliyeguswa alisimama mbele ya wote akasema dhambi yake au nuru aliyopewa. Akimaliza, kiongozi alirusha mstari wa kwanza wa pambio na sisi wote tukaitikia, tukamkumbatia mmoja mmoja. Pambio ndilo lililokuwa muhuri. Jambo likishaimbiwa limepokelewa, limekwisha, na atakayelifufua ndiye mwenye shida moyoni. Wasichana walisimama wakatubu kuiba sukari jikoni, kumchukia matroni, kucheza dansi Krismasi. Tuliimba, tukalia, tukarudi bwenini tumechangamka, na kesho yake sukari ikaibwa tena. Hapakuwa na ubaya.

Ubaya ulikuwa katika mafunzo ya uongozi. Waliponichagua niwe kiongozi, mlezi aliniketisha kwenye ngazi ya kanisa la chuo akanifundisha kazi. Aliniambia nijue kila msichana anaandikiana na nani. Aliniambia nisimwache mwenye maswali akae peke yake na mwenye maswali mwenzake. Kisha akatabasamu, akanipa lile aliloliona kuwa siri kubwa ya utumishi. "Nyathina," akasema, mwanangu, "kiongozi haachi watu waongee ongee. Mtu akianza kwenda kombo, wewe anzisha wimbo. Hutagombana na mtu maisha yako yote."

Baada ya hapo nilianza kumwangalia anavyofanya, na niliyoyaona sikuyapenda hata kidogo. Msichana mmoja alisimama kusema unga wa chuo una wadudu. Akaimbiwa. Mwingine, mtoto mpole wa mwaka wa kwanza aliyekuja chuoni mdogo kuliko sisi sote, alisimama akasema hawezi kumsamehe mjomba wake. Kabla hajasema mjomba alimfanya nini, mlezi alirusha mstari, ukumbi mzima ukaitikia, tukamkumbatia. Nakumbuka mabega yake. Alikuwa mgumu kama mlango, na wasichana walimkumbatia hivyo hivyo huku wanaimba kwa furaha.

Sasa nije kwa rafiki yangu. Alikuwa Mkuria, kwao karibu na mpaka wa Tanganyika ya zamani, kitanda chake kando ya changu. Hakula omena, wale dagaa wa ziwani, hata ukimfunga kamba. "Nyinyi mnakula macho ya samaki," alikuwa akituambia, kisha anacheka peke yake. Alifundisha hesabu vizuri kuliko walimu waliotufundisha kufundisha. Baba yake, mtu wa ng'ombe, alikuwa amekataa wachumba wawili ili binti yake amalize chuo, lakini aliweka sharti na hakulificha: ukirudi nyumbani bila cheti, utaolewa na atakayefika kwanza na ng'ombe wake. Kwa hiyo cheti kile hakikuwa pambo. Kilikuwa ndicho mlango pekee aliokuwa nao, na muhula uliobaki ulikuwa mmoja tu.

Ndipo mlezi alipopata nuru. Kulikuwa na mwinjilisti wa kule Rodi Kopany aliyefiwa na mkewe, ameachiwa watoto wadogo, na ndugu walikuwa wameomba wakaona kwamba rafiki yangu ndiye aliyeandaliwa. Arusi iwe likizo ya Agosti, kwa sababu watoto wanateseka. Chuo hakikuweka mwanamke aliyeolewa. Mlezi alilijua hilo vizuri sana. Mahari aliita mambo ya dunia, kwa hiyo baba wa ng'ombe hakuwa na haja ya kuulizwa. Mke msomi, bila ng'ombe hata mmoja, kwa jina la Bwana! Mpaka leo nikilifikiria nasikia joto masikioni.

Ijumaa ile alimwita mbele. "Dada, simama utuambie Bwana amekuonyesha nini juu ya jambo tulilokuambia."

Rafiki yangu alisimama. Alikuwa ameomba kweli, nilimwona. Akasema, "Ndugu, nimeomba wiki yote, na Bwana amenionyesha ya kwamba mimi..."

Mlezi akarusha mstari. Ukumbi ukaitikia. Wasichana walimrukia, wanamkumbatia, wanamwita bibi arusi. Mimi nilikuwa nyuma karibu na dirisha na niliona mdomo wake unaendelea kwenda, unasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Alipokatishwa kabisa alisimama tu, mikono imening'inia.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunafua bombani. Aliacha shuka kwenye karai akaniuliza, "Mimi jana nimesema nini?"

"Hukusema kitu."

"Sasa waliitikia nini?"

Aliikamua ile shuka mpaka nikadhani itachanika.

Nilimwendea mkuu wa chuo, mama Mzungu aliyekuwa mwema kwa kila jambo lisilomhusu. Akaniambia mambo ya ushirika ni ya mlezi. Nilimngoja mlezi Ijumaa iliyofuata, kabla hajashuka kwenye pikipiki nikamwambia dada hajakubali, alikuwa anataka kukataa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kwa huruma ile ya kanisani, akasema, "Nyathina, ndugu wameshaimba. Sasa dada anajaribiwa, na wewe unamsaidia shetani. Unataka tutafute kiongozi mwingine?"

Nilimwambia ndiyo, Baba, nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli.

Uchumba ulikuwa utangazwe kwenye mkutano mkubwa wa Agosti hapa Homa Bay. Kila mwaka wasichana wa chuo chetu walipelekwa kwa lori ili kuitikia. Sisi ndio tuliobeba sauti. Wazee wa kiume walikuwa wananguruma tu chini, na mama wa vijijini walitungoja sisi tuingie ndipo waingie. Bila sisi pambio la mlezi lilikuwa mstari mmoja wa mtu mmoja. Aliyenifundisha hayo ni yeye mwenyewe.

Nilipita kitanda kwa kitanda. Sikuhubiri. Nilisema, akianzisha wakati dada anaongea, wewe usiitikie. Mmoja, binti wa mzee wa kanisa, alianza kulia. "Si itakuwa dhambi?"

"Kunyamaza ni dhambi gani?" nikamuuliza. "Umeisoma wapi?"

"Na wakiniuliza?"

"Waambie koo iliuma."

Yule mdogo aliyeimbiwa kwa habari ya mjomba alikuwa ameketi kwenye kona ya kitanda chake anasuka nywele za mwenzake. Hakuinua kichwa. "Mimi sitaitikia hata wanipige," akasema. Baada ya yeye kusema hivyo hakuna aliyeniuliza tena.

Mkutano ulifanywa katika jengo la mabati karibu na ziwa. Nje kina mama walikuwa wameanika omena, na harufu iliingia kwa kila dirisha. Rafiki yangu alikaa kando yangu amejiziba pua kwa kitambaa, na mimi nikacheka kwa woga. Mwinjilisti wa Rodi Kopany alikuwa benchi la mbele, ndani ya koti ambalo halikuwa lake, mikono mirefu imetokeza. Ilikuwa mara ya kwanza tunamwona. Hakugeuka kutafuta mchumba wake yuko wapi.

Mlezi alieleza habari ya nuru, watoto yatima, upendo usiojua kabila. Alisema vizuri. Alijua kusema, hilo sitamnyima. Kisha akamwita.

Rafiki yangu alikwenda mbele na kitambaa chake cheupe kichwani. "Ndugu, Bwana asifiwe. Mimi nasimama hapa kusema ya kwamba, hii maneno ya kuolewa..."

Mlezi akarusha mstari.

Hakuna kilichorudi. Wazee wawili watatu walianza kunguruma, wakasikia wako peke yao, wakaacha. Mama wa vijijini waligeuka kututazama sisi, midomo wazi, wanangoja. Tulikaa. Binti wa mzee wa kanisa alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanatiririka juu ya vidole. Mlezi akaurusha tena, juu zaidi, anapiga makofi, na sauti yake ikakatika katikati. Wakati huo nilimchukia kwa moyo wangu wote na nilikuwa na furaha, na sijawahi kutubu wala sina mpango.

Rafiki yangu alingoja mpaka makofi yakaisha.

"Mimi sijamaliza," akasema. "Mimi sitaki kuolewa. Huyu ndugu sina vita na yeye. Lakini mimi nataka kumaliza shule, na baba yangu hajaulizwa, na ile siku nilitaka kusema, nyinyi mliniimbia. Sasa nimemaliza."

Akarudi akaketi. Ukumbi ulikuwa kimya hata ungesikia kuku nje wanadonoa samaki. Hapo mwinjilisti alisimama, koti likambana kwapani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na mimi," akasema. "Nilipowaambia ndugu bado nalilia mke wangu, waliimba pia."

Aliketi akaanza kukunja kofia yake. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa maana lililokuwa la kufanya siku zote ni kuimba.

Mlezi hakukosa maneno muda mrefu. Alitangaza kwamba shetani ameingia katika wasichana wa chuo kupitia kiongozi wao, akanivua uongozi pale pale, na tukarudi Migori kwa lori bila chakula. Ushirika ulifungwa muhula mzima. Chumba chetu cha maombi kikawekwa viazi. Wengine walinilaumu, na mmoja alinilaumu mpaka alipokufa. Rafiki yangu alifanya mtihani, akapata cheti, akakibeba mwenyewe mpaka kwa baba yake, na akafundisha hesabu kule mpakani mpaka alipostaafu. Mlezi naye aliendelea kuzunguka vyuo na pikipiki yake miaka mingi, baadaye na gari, na hakuna siku aliyomwomba mtu yeyote msamaha. Alizikwa kwa heshima kubwa. Waliimba sana.

Mnataka mashauri, wachungaji wangu. Kijana akisimama kusema, keti. Weka mikono yako mapajani. Ukisikia anaelekea mahali utakapoaibika, endelea kuketi. Akinyamaza, usidhani amemaliza, muulize. Hayo ndiyo yote, na mngeyapata bure siku ile pamoja na mkate wenu.

Jioni ile mlipoondoka nilimpigia simu rafiki yangu. Hasikii vizuri sasa, ilibidi nipaze sauti nyumba nzima isikie. Nilimweleza habari za kijitabu, za picha ya mlezi, za yule mwembamba aliyefumba macho.

"Uliitikia?" akauliza.

"Ooyo," nikamwambia, hapana. "Hata mdomo sikufungua."

"Haya," akasema. "Sasa maliza kusema."