Talaka Isiyo na Mkosaji

"Kama muko munasikilizana hivi, muko munaachana juu ya nini?"

Baba ndiye aliyeuliza, katika sebule yetu mtaani Hewa Bora, siku dada yangu na mume wake walipokuja kututangazia kwamba wanataka talaka. Walikuwa wamekaa kwenye kiti kimoja, wanakunywa soda moja kwa zamu. Shemeji akampitishia dada chupa. Baba akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria, na katika familia yetu diploma ya mmoja ni kama bomba la maji la uani: kila mtu anaruhusiwa kulifungua. Nikasema nitaangalia katika vitabu.

"Munaona?" mama akasema. "Hata mutu wa université hajui."

Nyumbani kwetu ndoa ilikuwa kitu cha kusikika. Baba na mama waligombana juu ya chumvi, juu ya dirisha, juu ya nani alianza ugomvi wa jana. Majirani walijua tumeamka salama kwa kusikia sauti zao. Dada alipoolewa akahamia Naviundu, na huko kwake kulikuwa na utulivu hata nikawa naona haya kukohoa. Nilidhani hiyo ndiyo furaha. Nilikuwa msichana wa kuhoji kila kitu, mapadri na maprofesa pamoja, lakini kimya kile sikukihoji.

Dada alikuwa na sharti moja tu. Walikuwa na binti, ndiyo kwanza anaanza shule. "Sitaki mutoto akomae na kusikia nani aliharibu," aliniambia. "Hakuna mwenye aliharibu. Ilikwisha tu."

Sharti hilo ndilo lililowakasirisha watu wote. Sisi ni Wakatoliki wa kaskazini mwa Katanga, babu alifanya kazi kwenye reli. Shemeji ni wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Kasai. Familia hizi mbili hazikuwahi kukubaliana hata juu ya ngoma za arusi, lakini sasa zilikuwa na sauti moja: lazima apatikane mkosaji. Bila mkosaji, nani atasema mahari inarudi au inabaki? Shangazi alikuja kutoka Kampemba kufanya uchunguzi.

"Anakupigaka?"

"Hapana, shangazi."

"Anakunywaka?"

"Hapana."

"Iko na deuxième bureau? Sema tu, siye wote ni banamuke."

"Hana bibi wa pembeni."

Shangazi akapiga makofi. "Basi ni mwanaume muzuri! Unamuachia nani?"

Mimi nikamtuliza dada. Familia ni familia, nikasema, lakini sheria ina akili. Ninyi wawili mmekubaliana, mtatia saini, hakimu atapiga mhuri, saa sita mtakuwa mmemaliza. Sikumbuki nilisoma wapi jambo hilo. Nadhani niliona katika filamu.

Wakili tuliyemwendea alinisikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa anayemweleza daktari dawa ya kumpa. Kisha akatuambia kwamba kwetu makubaliano peke yake si sababu ya talaka. Yanafupisha njia, kwa kuwa hakuna cha kubishania, lakini njia yenyewe lazima ipitwe. Mmoja awe mwombaji, mwingine awe anayeombwa. Hakimu wa mahakama ya amani atawaita ofisini kwake na kujaribu kwanza kuwapatanisha, maana kazi yake si kuvunja nyumba. Akiridhika kwamba ndoa imevunjika na haitengenezeki, ndipo kesi inaendelea: mtoto atakaa na nani, vitu vinagawanywa vipi, kisha hukumu, kisha hukumu iandikwe kwenye vitabu vya état civil, ofisi inayoandikisha ndoa na vizazi.

"Nani ataomba?" dada akamuuliza shemeji.

"Omba weye. Weye njo iko na mwandiko muzuri."

Nikaona hatari. Hakimu gani angeamini kwamba hawa nyumba yao imevunjika? Nikawashauri wafanye mazoezi ya kugombana, nikakaa mbele yao kama hakimu. Dada akasimama, akamnyooshea shemeji kidole.

"Weye! Unafikaka nyumbani... saa ile ile ulisema!"

Shemeji akajaribu kukunja uso. "Na weye chakula yako... inaivaka muzuri!"

Walicheka hadi shemeji akaenda kuosha macho.

Siku ya kwanza mahakamani mvua ilinyesha. Walikuja kwa teksi moja, mimi nikiwa katikati yao, na dada alipoinama kutia saini, shemeji akamshikia sakoshi, mkoba wake wa mkononi. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Aliwaita ndani, akamtazama shemeji.

"Papa, hii sakoshi ni ya nani?"

"Ya bibi, mama juge."

"Ule unaachana naye?"

"Njo huyo."

Akawaambia waende nyumbani wakafikiri kwanza, watarudi siku nyingine. Mama aliposikia, aliomba misa ya shukrani. Tulikwenda wote, na dada aliimba kwa sauti nzuri huku macho yake yamekuwa mekundu. Alikuwa ameelewa kilichobaki: ama abaki katika ndoa ile, ama amtafute mkosaji.

Jioni ile shemeji alijitolea. "Sema miye nakunywa."

"Weye? Bière moja unalala."

"Basi sema niko na mwanamuke."

"Na mutoto siku moja akiuliza, nimujibu nini?" Dada alisema hivyo kwa ukali, mara ya kwanza nimsikie akimkaripia. "Hapana. Kama ni kwa uongo, nitabaki."

Hakimu alipowaita tena, mimi nilibaki kwenye benchi la nje. Dada alinisimulia baadaye. Mama juge hakuwauliza nani amekosa. Aliwauliza:

"Mara ya mwisho muligombana juu ya nini?"

Wakatazamana kama wanafunzi ambao kila mmoja alitegemea mwenzake asome. Dada akasema hawakumbuki.

"Na weye, papa, bibi akisafiri, unakuwaka namna gani?"

"Akisafiri nalala muzuri, mama juge."

"Akirudi?"

"Nalala muzuri."

Mama juge akavua miwani. Akaifuta, akaivaa tena, akaandika kwamba upatanisho umeshindikana. Yaliyofuata yalikwenda kama wakili alivyosema, bila kelele, kwa sababu walikuwa wamekwisha kupatana juu ya kila kitu. Mtoto akakaa na mama yake, na mwisho wa juma akawa kwa baba yake. Hukumu ilisema ndoa imevunjika. Haikusema nani aliivunja. Dada aliisoma akiwa amesimama kwenye korido, akatafuta neno "mkosaji" ukurasa kwa ukurasa, hakulikuta, ndipo akalia. Shemeji alimshikia tena sakoshi.

Familia zote mbili zilinuna. Baba peke yake hakununa. Aliendelea kuniuliza swali lake lile lile la siku ile sebuleni, taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua, nami nikafikiri ni uzee.

Miaka ikapita. Siku moja mama alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, amekwisha kugombana na baba juu ya redio, na hasira ndiyo iliyomtoa maneno. Aliniambia kwamba kabla sijazaliwa, yeye na baba pia walikwenda mahakamani kuomba talaka. Walipigiana kelele mbele ya hakimu hata karani akakimbilia ndani. Hakimu akawaambia waende nyumbani wakafikiri kwanza, kisha warudi.

Hawajarudi.