Panya Aliyekula Seredani

Sufuria ya wali ilipinduka mbele ya wageni, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikasimama pale mdomo umejaa udongo.

Mimba ya uzeeni ndiyo iliyonifikisha hapo. Jirani yangu wa Mlandege, Bi Riziki, alinambia udongo unampa mtoto mifupa, nami nikautafuna kama halua. Kliniki mkunga akanifunua jicho, akasema, "Bi Mkubwa, huna damu. Udongo basi, usije ukatuharibikia siku ya kujifungua."

Niliogopa, maana nshazika wachanga wawili. Sikununua tena. Lakini kila chungu kilipofurika jikoni, ile seredani yetu, jiko la makaa la udongo, ilitoa harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na mkono ukaenda wenyewe. Nikamega ukingo kidogo leo, kidogo kesho. Wifi yangu Mwanaidi akiuliza, nasema ni panya. Maskini, akatega mtego.

Siku ya wageni nilimega pasipomegeka tena, seredani ikakatika upande mzima, na sufuria ikaenda nayo. Wifi akanitazama mdomo.

"Nshamwona panya wetu," akasema. "Ana mimba ya miezi sita!"

Wageni wote wakacheka. Sasa hata mimi nacheka, kwani vidonge nameza, damu imepanda, na mtoto anacheza tumboni. Ila wewe Bi Riziki uliyenitia aibu hii, usinipite mlangoni umejifunika buibui. Ingia ndani umjibu wifi yangu: mifupa gani hiyo?