Karanga za Mchezaji wa Kati

Juzi nilikuwa dukani kwa Mhindi mmoja hapa Dodoma, nikingoja kupimiwa sukari, alipoingia kijana anayecheza katikati katika timu yetu ya mji. Alifuatana na mama yake, aliyetoka Kolo kuja kumuaga. Mwingereza mmoja wa bandari ya Dar es Salaam alimwona kijana akicheza, akampa kazi huko ili aichezee timu yao.

Kijana amezoea kucheza pekupeku, kwa hiyo alikuja kununua viatu vya mpira. Mama akavigeuza, akapapasa njumu, yale meno ya nyayoni.

"Fundi huyu kasahau misumari nje," akasema. Mwenye duka alicheka mpaka akashika meza.

"Nawe umefunga magoli mangapi hata wakutake?" mama akamwuliza mwanawe.

"Sifungi, mama. Napokea mpira, nawagawia wenzangu wafunge."

Mama akaviweka viatu mezani. "Hata nyumbani ulikuwa hivyo kwa wadogo zako. Sasa huko pwani, wewe atakugawia nani?"

Sisi watazamaji, ambao kila Jumamosi humpigia kelele "Toa mpira!", hatujapata kumwuliza hilo.

Mama akafungua fundo la kanga yake, akammiminia karanga kiganjani. Kijana, kwa kuwa kwetu mtu hali peke yake mbele ya watu, akamnyooshea mwenye duka kwanza, kisha mimi.

Mama akamfumba vidole taratibu. "Hizi usigawe, baba."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchukua punje moja. Niliirudisha.