Idara ya Dunia, Tawi la Kijiji Chetu

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani, upande wa Sepuka, na kabla ya kufika kwa bibi nilipita kwanza kwenye mahame yetu, pale tulipoishi zamani. Pamebaki minyaa ya ua iliyojiotea hadi kupita kichwa cha mtu, na mafiga matatu ya jirani yetu. Nilisimama pale nikijipangia maneno. Mwaka huu nimemaliza chuo kikuu, nimeandika kurasa nyingi mno, lakini kuna sentensi moja ya kumwambia mama huyo jirani ambayo imenishinda tangu nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitaisema.

Ngoja nikueleze. Hata ukiniona mbaya, afadhali uwe umesikia yote.

Mwaka mmoja kabla hatujahamishwa, mwalimu wetu aliokota kitabu cha picha kwenye treni, akishuka Itigi. Hakikuwa na jalada. Kilihusu dunia yenye watu wa ajabu: mmoja anasimamisha treni kwa kifua, mwingine anapenya ukuta kama moshi. Juu yao wote ilikuwepo Idara ya Dunia, yenye wapelelezi kila nchi. Kazi yao ilikuwa kuwatafuta watu wenye uwezo, kuwafungulia faili, na kuwachukua wakaiokoe dunia. Makao yake makuu yalikuwa chini ya ziwa. Sisi tuliona wazi kwamba ni ziwa la Singida, kwa sababu maji yake ni ya chumvi. Nani angekwenda kuchota huko hata agundue? Mwalimu alitutafsiria siku za Jumamosi, tukishapalilia shamba la shule, tumekaa chini tunatafuna karanga mbichi, mikono bado ina udongo. Tukimsumbua kwa maswali alitutania: "Wenzenu wanapeleleza dunia nzima, nyie kamasi tu zimewashinda!"

Tukafungua tawi. Tulikuwa wanne, na mimi nikawa mwandishi kwa sababu ya mwandiko wangu. Bibi yangu nilimwandikia: "Uwezo: ananusa mvua siku mbili kabla." Hakuna aliyedhurika na faili hilo.

Kisha tukahamishwa kwa amri ya serikali. Tulipangwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimenyooka mistari kama watoto wa paredi, majani ya paa bado mabichi. Bibi alilalamika kwamba hata kuku hawajui kwao ni wapi. Jirani yetu, mjane, hakulalamika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na wanawake wote wa upande wetu walimheshimu kwa jambo moja: mbegu yake ya uwele. Ilikuwa na masuke mafupi mekundu na iliwahi kukomaa, hata mvua ikikatika mapema. Aliyepoteza mbegu yake alikwenda kwake na kibuyu kitupu, akarudi nacho kimejaa. Ugali wake, na mlenda, na maziwa mgando... basi, niache.

Sisi wapelelezi tuliona kwamba mama huyu hupotea kila asubuhi. Tukamfuatilia, tumejibanza nyuma ya minyaa. Alikwenda kwenye nyumba yake ya zamani, akawasha moto, akakaa. Hakupika. Alitazama juu tu, midomo ikicheza. Nikaandika, nayakumbuka maneno yote: "Kila siku huwasha moto katika nyumba isiyo na watu. Hapiki chochote. Huongea na moshi. Uwezo: anawasiliana na Makao Makuu."

Unaona kosa letu? Kila mtoto wa kwetu alijua kuwa masuke ya mbegu hutundikwa juu ya jiko, yakolee moshi, wadudu wasiyaguse. Mimi mwenyewe nilikuwa nalala chini ya masuke hayo. Paa la nyumba yake mpya lilikuwa bichi, linaota ukungu, kwa hiyo mbegu aliiacha kule na kuifukizia moshi kila siku, na huenda alikuwa akiyahesabu masuke. Lakini kitabu kilikuwa kimenijaa kichwani, jiko la kawaida likanipita machoni.

Faili lilipaswa kwenda kwa mkuu. Hatukuwa na mkuu. Tukamchagua katibu wa kijiji, kwa kuwa alikuwa na muhuri na baiskeli. Nilimpelekea mimi, nikijua ninamfanyia jirani hisani: atachukuliwa akaiokoe dunia. Katibu alisoma, akacheka, akanishika kichwa. "Una mwandiko mzuri, binti. Kumbe bado anarudi kule!"

Siku ya tatu mgambo walikwenda wakaichoma ile nyumba, ili asiwe na pa kurudi. Tuliuona moshi tukiwa darasani. Jirani alirudi jioni, uso umejaa majivu, akamwuliza bibi yangu, "Dada, nani aliwaambia kuwa nina moto kule?" Bibi hakujua. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nikaendelea kusonga ugali.

Mbegu zetu zilikuwa zimepotea katika kuhama, na ya jirani imeungua, kwa hiyo msimu ule tulipanda mbegu ya kugawiwa. Mvua ilikatika mapema. Tulikula mlenda bila ugali, na bibi akawa anajilaza mapema ili asitamani kula.

Nimejiuliza mara elfu: huenda katibu alikuwa anajua tayari? Huenda wangechoma tu? Kila jibu linaniacha palepale.

Basi wiki iliyopita nikaenda kwake. "Shikamoo, mama." "Marahaba, msomi wetu! Mungu kakuleta. Kaa, niandikie barua ofisini. Nataka waniruhusu nikarudi mahame nikafie kule." Nikakaa. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni. Yeye akaanza: "Andika, nyumba yangu ilichomwa ikiwa na mbegu. Andika, aliyewaambia simjui mpaka leo." Nikaandika. "Haya, soma nisikie." Nikasoma. Nilipofika kwenye 'aliyewaambia simjui' nikasoma chinichini, naye akaniinamishia sikio: "Hapo sijasikia, mwanangu. Rudia."

Nikarudia. Akaweka kidole gumba.

Nimeiulizia mbegu ile Mgori, nimeiulizia hadi Kintinku. Wananionyesha uwele wa kila aina, mrefu, mweupe, na hakuna aliyewahi kuona masuke mafupi mekundu. Watoto wa siku hizi hawajui hata ladha yake, kwa hiyo hawaijutii. Anayeijutia ni yule mama, na anayejua ilikokwenda ni mimi. Barua nimeipeleka mwenyewe.