Sista Alitaka Niwe Muuguzi

Nilipomaliza darasa la saba nilipata kazi ya kupima watoto uzito kwenye kliniki ya mama na mtoto, Karatu. Bosi wangu alikuwa muuguzi kutoka Mbulu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na sote tulimwita Sista. Dereva wa kliniki alikuwa amehamishwa na mwingine hakuletwa, kwa hiyo Sista aliendesha Landrova mwenyewe. Wanaume waliokaa kwenye baraza za maduka walikatiza mazungumzo akipita. Yeye aliwapigia honi tu.

Mipango yake juu yangu ilikamilika kabla sijaizoea kazi.

"Wewe utakwenda chuo cha uuguzi," aliniambia. "Una mikono mitulivu."

Mikono ilikuwa mitulivu kweli. Shida ilikuwa damu. Siku aliposhona kidole cha mzee aliyejikata na panga, nilizinduka nikiwa sakafuni, mzee mwenyewe akinipepea kwa kofia yake.

"Utazoea," Sista alisema.

Sikuzoea. Nilichopenda ni safari za kupeleka kliniki Nainokanoka, kwa Wamaasai wa milimani. Tulipandisha msituni asubuhi, ukungu umetanda barabarani, nami macho yangu yakiwa kwenye miguu ya Sista: klachi, breki, mafuta. Nyumbani nikisonga ugali nilibadilisha gia kwa mwiko, hadi mama akaniuliza kama naumwa.

Masika moja tulinasa kwenye matope, hatua chache kutoka mahali akina mama wa Kimaasai walipotungoja na watoto wao. Sista akashuka, akalizunguka gari, akanitazama.

"Kati yetu, nani ana nguvu za kusukuma?"

"Ni wewe, Sista."

"Basi kaa kwenye usukani. Nikisema twende, achia klachi taratibu. Na ukitoka, usisimame kwenye matope."

Akina mama wakawakabidhi mabibi watoto, wakaja kusukuma. Gari likatoka. Mimi nikatii, sikusimama. Nilipanda kilima chote hadi kwenye maboma, mbuzi wakinipisha, nikicheka peke yangu. Sista alifika baadaye kwa miguu, ametapakaa matope hadi kiunoni. Mama mmoja akasema neno kwa Kimaasai, wenzake wakaangua kicheko, na mmoja aliyejua Kiswahili akamtafsiria Sista: "Anasema binti yako amekukimbia."

Wakati wa kurudi Sista aliendesha mwenyewe.

"Ulipanda kile kilima kwa gia gani?"

"Ya pili."

"Mimi hupanda kwa ya kwanza," alisema.

Wiki ya usaili wa uuguzi ilipofika nikamwambia ukweli. Alikuwa akichemsha sindano.

"Sista, sitaki uuguzi. Nataka kuendesha gari."

"Mimi nimekuandaa muda wote huu."

"Najua."

"Baba yako atasema nimekuharibu."

Na baba alisema hivyo hivyo. Jumapili baada ya ibada Sista akaja kwetu Kansay, akapewa kiti na chai. Mimi nilijificha jikoni nikisikiliza.

"Mzee, mimi naendesha. Umeona nimeharibika wapi?"

Baba, mtu mpole, akainua birika. Akamwongezea chai.

Sista ndiye aliyenitafutia mahali pa kujifunza udereva Arusha, kwa shemeji yake mwenye gereji. Niliporudi na leseni akanipa ufunguo bila hotuba, akakaa kiti cha pembeni, na njia nzima akanikosoa. Alikuwa bado amenuna kidogo. Nadhani aliniona kama muuguzi aliyempotea.

Mwaka uliofuata akaajiri msichana mwingine wa kupima uzito. Huyo hakuogopa sindano wala damu, na usaili aliupita. Siku ya kumpeleka chuoni niliendesha mimi, sanduku lake likiruka ruka nyuma, na Sista, katikati yetu, akatupa maagizo sote wawili hadi tulipofika.