Mstari Niliouchora Kwenye Moyo wa Yaya

Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyekabidhiwa mashine. Hospitali ya mgodi, pale Lubumbashi, ilikuwa imepata mashine yake ya kwanza ya kupima moyo kwa mawimbi ya sauti, yenye kompyuta ndani yake, na mimi nilifundishwa kuitumia kwa wiki tatu tu. Unaisimamisha picha kwenye kioo moyo ukiwa umejaa damu, unachora ukingo wa ndani wa chumba chake, kisha unachora tena moyo ukiwa umejikunja. Kompyuta inapiga hesabu na kutoa namba: moyo unasukuma damu kiasi gani. Daktari wetu alisoma namba tu.

Yaya, dada yangu mkubwa, aliongoza kina mama wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi katika ngoma za chama tawala. Ilibidi wacheze juani kila alipokuja mkubwa kutoka Kinshasa, na bila karatasi ya daktari hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyumbani. Tangu mvua zianze, yaya alikuwa akihema kwa kupanda ngazi tatu za mlango wetu.

Siku nilipompima alilalia ubavu wa kushoto, akanishika mkono.

"Mudogo yangu, niko nachoka. Uchore kidogo vibaya, docteur anipe karatasi."

"Yaya, machine haisemake bongo, haidanganyake watu."

Nilisema kwa sauti ya mwalimu, Mungu anisamehe. Picha yenyewe ilikuwa ukungu mtupu, lakini kukiri mbele ya dada yangu kwamba sioni vizuri kulinishinda. Nikachora. Namba ikatoka nzuri. Daktari akasema ni uchovu wa kazi za nyumbani.

Jumamosi akacheza. Katika wimbo wa pili akakaa chini, katikati ya uwanja. Wenzake wakadhani ni mbwembwe zake, wakamzunguka wakiimba. Nami nilikuwa nimesimama na watu wa hospitali, nikipiga makofi.

Baada ya matanga yake nilitoa picha ya moyo wake kwenye faili, nikitaka kuhakikisha kwamba sikukosea. Niliitazama hadi ukuta wa moyo ukajitokeza kwenye ule ukungu. Moyo uliojikunja niliuchora sawasawa. Ule uliojaa, mstari wangu ulipita nje ya ukuta; nilihesabu nyama ya moyo kama damu, na namba ikapanda. Kompyuta ilipiga hesabu yake bila kosa lolote. Nikairudisha faili mahali pake. Sikumwambia mtu.

Jioni hiyo mama aliniuliza mashine iliuonaje moyo wa mtoto wake.

"Ilisema iko muzuri, mama."

Akanishukuru.